Adabu ya Mkono

Mkono wa mwanadamu ni mtumishi wa ajabu. Mkono ulimao ndio upigao. Mkono umpao mgeni maji ndio uwezao kumsukuma nje ya mlango. Na mkono umfutao mtoto machozi ndio uwezao kuyaleta. Wenyewe haujui jema wala baya. Hungoja amri, na amri ikisha kutoka hutenda. Kwa hiyo, msomaji wangu, mtu atakaye kuufunza mkono wake kupiga, kwa upinde, kwa rungu au kwa ngumi tupu, yafaa kwanza ajiulize swali hili: je, mafunzo haya yatanifanya kuwa mtu bora, au yatanifanya kuwa mtu wa kuogopwa tu?

Swali hili sikulibuni. Mimi ni mwalimu upande wa Makueni, na kila mwaka hupata wanafunzi watamanio kujifunza karate, sanaa ya kupigana bila silaha iliyotujia kutoka Japani. Wazazi wao huniletea maoni ya namna mbili. Mmoja husema: "Mwalimu, mzuie mwanangu. Afunzwaye kupiga atapiga." Mwingine husema: "Mwalimu, mwache ajifunze. Karate itamtia adabu." Zamani niliwajibu wote kwa tabasamu, maana niliona kila mmoja anayo haki. Leo naona kila mmoja anayo nusu ya haki. Na nusu ya haki ni kitu cha hatari, kwa kuwa mwenye nayo hudhani kuwa anayo yote.

Hatuna haja ya kwenda Japani ili tuanze kulifikiri jambo hili. Nchi yetu ya Ukambani, kutoka Mwingi hata Kibwezi, ilikuwa na sanaa yake ya silaha, nayo ni upinde. Wakamba walisifiwa kwa mambo mawili hasa: safari za biashara na shabaha ya mishale. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Kitui mwaka 1849 alipokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkuu, ambaye misafara yake ilishuka hadi pwani ikiwa na pembe. Njia zile zilikuwa ndefu, zenye kiu na wanyama wakali, na mlinzi wa msafiri alikuwa upinde wake.

Je, mkono wa mpiga upinde ulifunzwaje? Mtoto wa zamani hakupewa mshale wa sumu. Alianza na upinde mdogo wa tawi na vijiti vilivyochongwa ncha, akafuata mbuzi malishoni, akalenga mijusi, ndege na matunda ya mwituni. Alikosa mara nyingi kuliko alivyopata. Kila alipokosa ilimpasa aende akautafute mshale wake miibani, na taabu ile ya kutafuta ilimfundisha kutoachia upote kwa pupa. Alijifunza kuunyosha wano kwa joto la moto, kuyafunga manyoya, kuupima upepo na kuituliza pumzi. Baada ya miaka ndipo alipopata mshale wenye kigumba cha chuma, kazi ya wahunzi. Na mwisho kabisa akaaminiwa mshale wa sumu, sumu nyeusi iliyochemshwa kutoka katika mti mpaka ikawa nzito kama lami. Tena mshale ulitiwa alama ya mwenyewe, ili mnyama akianguka mbali ijulikane ni nani aliyempiga.

Itazame sana alama ile, msomaji. Yaonekana kuwa ni jambo dogo la kugawana nyama, lakini ndani yake mna fundisho kubwa. Mwenye kuupiga mshale wenye alama hawezi kusema, "Sikuwa mimi." Tendo lake huruka mbele yake likiwa na jina lake. Basi katika mafunzo ya upinde twaona mambo matatu yaliyofungamana: mazoezi, ambayo huuzoesha mwili, ustadi, ambao huupa mwili njia iliyo bora, na tabia, ambayo humwambia mwenye ustadi ni lini autumie na ni lini auache. Mafunzo yenye mambo mawili ya kwanza bila la tatu ni upinde uliovutwa na kipofu.

Walakini tusiwapambe wazee wetu kuliko ilivyo haki. Ustadi wa upinde peke yake haukumfanya mtu kuwa mwema. Mwaka 1948 Mbuga ya Tsavo iliwekwa kusini mwa nchi yetu, na uwindaji ndani yake ukawa kosa. Sheria ile iliwaumiza watu waliowinda tangu enzi za babu zao, na si vyema kulisahau hilo. Lakini pamoja na wale waliotafuta kitoweo walikuwako waliowaua tembo kwa ajili ya pembe, pembe zikaenda kwa wanunuzi ambao hawakujua hata jina la mwindaji. Katika miaka ya 1956 na 1957 askari wa mbuga, wakiongozwa na David Sheldrick na Bill Woodley, waliwakamata wawindaji wengi wa Kikamba na wa Kiwaata. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya nzima. Fikiri sasa: mshale uliomlisha mtoto mwenye njaa na mshale uliomtajirisha mfanyabiashara wa mbali ulipigwa kwa mkono ule ule, kwa pumzi ile ile na kwa shabaha ile ile. Mshale haukuuliza kitu. Basi mzazi wa kwanza ana sababu ya kuogopa: ustadi haumchagulii mwenyewe njia.

Nimesema kuwa jambo hili sikulibuni. Sasa yanipasa niungame jinsi nilivyolijua. Nilipokuwa kidato cha tatu nilijiunga na vijana waliojifunza karate katika ukumbi mmoja mjini. Nilifanya mazoezi mwaka mmoja na nusu. Nilipenda sauti ya nguo nilipopiga ngumi hewani, na nilipenda zaidi jinsi wenzangu walivyonipisha njiani. Likizo ilipofika nilirudi kijijini kwetu, kusini mwa Kitui. Ulikuwa wakati wa kiangazi, na watu walichota maji katika shimo lililochimbwa ndani ya mchanga wa mto mkavu, mtungi baada ya mtungi, kwa zamu. Siku moja niliusogeza mtungi wangu mbele. Kijana mmoja wa rika langu akaniambia mbele ya wote, "Ndugu, zamu yako bado." Alisema kweli. Na kwa kuwa alisema kweli sikuwa na neno la kumjibu; nikamjibu kwa ngumi.

Ngumi ile ilikuwa nzuri. Mwalimu wangu wa karate angeisifu: kiuno kiligeuka, bega lilitulia, mkono ulikwenda moja kwa moja. Kijana yule alianguka, na alipoinuka jino lake la mbele lilikuwa mchangani. Watu hawakupiga kelele. Mama mmoja aliokota mtungi wangu, akaujaza maji, akanikabidhi, akasema, "Haya, chukua, nenda." Sijapata kubeba maji mazito kama yale.

Babu yangu hakunipiga wala hakunikaripia. Jioni aliteremsha podo lake kutoka darini, akatoa mshale mmoja wa kale, ambao shingo yake ilizungushiwa ukanda mwembamba wa ngozi. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, kwa nini mshale huu umevikwa ngozi?" Nikamjibu, "Ili sumu isimdhuru mwenye kuuchukua, Babu." Akasema, "Hiyo ni nusu. Sumu ikiachwa wazi, jua na upepo huikausha ikafa. Ngozi humkinga mtu na mshale, tena huukinga mshale usipoteze nguvu zake. Wewe umetembea na mshale usiovikwa. Umemchoma mwenzio, na wewe mwenyewe umekauka." Kesho yake tulikwenda nyumbani kwa kijana yule na mbuzi mmoja, na mbele ya wazee wa pande mbili nilitakiwa nieleze kwa kinywa changu nilitenda nini na kwa sababu gani. Lile neno "kwa sababu gani" lilinishinda. Hapakuwa na sababu.

Wazee walipokea mbuzi na ugomvi ukaisha. Lakini jino halikurudi. Mwenzangu yule ni mtu mzima sasa, baba wa watoto, na hata leo achekapo huuinua mkono wake kufunika kinywa. Kila nimwonapo akifanya hivyo hukumbuka kuwa mkono wake wafanya kazi ambayo mkono wangu uliupa.

Baadaye, nilipokuwa chuo cha ualimu, nilisoma habari za watu walioilea karate, nikastaajabu kuona maneno ya babu yangu katika kisiwa cha mbali. Sanaa hii ilikulia Okinawa. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Anko Itosu aliiingiza katika shule za kisiwa kile. Mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, aliyezaliwa mwaka 1868 na kufariki mwaka 1957, alikuwa mwalimu wa shule kama mimi, na ndiye aliyeionyesha mjini Tokyo mwaka 1922 na kuieneza kutoka hapo. Katika ujana wake alikaririshwa mfululizo ule ule wa mapigo na vizuizi kwa miezi na miaka, kabla hajaruhusiwa kusonga mbele. Na fundisho alilolikazia wanafunzi wake ni kwamba katika karate hakuna kuanza kushambulia.

Jina lenyewe lina fundisho. Zamani liliandikwa kwa maana ya mkono wa Kichina. Lakini mwaka 1936 mabingwa wa Okinawa walikutana wakaafikiana kuliandika kwa maana ya mkono mtupu. Sisi Waswahili husema kuwa mkono mtupu haulambwi, na katika mambo ya chakula ni kweli. Lakini mkono mtupu una kazi nyingine: ndio tuunyoshao kumwamkia mtu, ili aone kuwa hatukuficha kitu. Aitwaye mtu wa mkono mtupu yampasa kwanza awe mtu ambaye wengine waweza kuushika mkono wake bila hofu.

Tazama jinsi mazoezi ya jadi yalivyopangwa. Mwanafunzi huinama kabla ya kuanza na baada ya kumaliza, hata mbele ya yule ambaye punde atabadilishana naye mapigo. Hurudia jambo moja mpaka kiburi chake kichoke. Na katika mazoezi mengi ya wawili wawili hutakiwa apige kwa nguvu zake zote, kisha alisimamishe pigo kabla ya kuufikia mwili wa mwenzake. Kupiga ni rahisi, hata punda hupiga. Kulisimamisha pigo karibu na ngozi ya mtu ndiyo kazi itakayo miaka. Hapo ndipo mazoezi, ustadi na tabia hukutana kuwa kitu kimoja, kama vile sumu, kigumba na ngozi yake. Mimi kwa mwaka mmoja na nusu nilijifunza kupiga. Kusimamisha nililiona kuwa ni jambo la wanafunzi wachanga. Kumbe nilikuwa sijaanza.

Basi mzazi wa pili naye ana nusu yake. Karate yaweza kumtia mtoto adabu, ila kwa sharti kwamba mtoto na mwalimu wake waitafute adabu ile ndani ya mazoezi. Haimwingii mtu kwa jasho peke yake. Mtu aweza kutoka jasho miaka kumi akabaki mwenye ngumi ngumu na moyo laini wa kuchokozeka.

Najua kuwa baadhi yenu mtauliza, "Je, mwenye kujizuia kila mara si mwoga?" Swali hili lataka jibu la haki. Kama mnyonge apigwa mbele yako nawe unao uwezo wa kumwokoa, ukajificha nyuma ya neno "uvumilivu", huo si uvumilivu. Ni woga uliovaa kanzu. Mshale uliovikwa ngozi siku zote, hata simba akiwa zizini, hauna faida kwa mwenye nyumba. Lakini siku ya kuuvua iwe ni siku ya kukinga, na kipimo chake kiwe kile kitoshacho kuondoa hatari, wala kisizidi. Mtu aliyejua kujizuia ndiye ajuaye pia mahali pa kukoma. Mwenye hasira hajui. Yeye hukoma anapochoka, na kabla hajachoka hasira imekwisha kuzaa hasara.

Wengine mtasema, "Mimi sijifunzi karate wala sina upinde, habari hii hainihusu." La, yakuhusu. Kila mtu ana mkono wake wa kupigia. Mmoja mkono wake ni ulimi: anajua neno gani litamliza mwenzake, naye hulitafuta. Mwingine mkono wake ni mali, mwingine ni cheo, mwingine ni elimu. Hata sisi walimu tunao. Fimbo iliondolewa kisheria katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini mwalimu aweza bado kumpiga mwanafunzi kwa dharau, na pigo hilo halina alama ya kuonyesha wazazi. Mimi mwenyewe nimepata kumwaibisha mtoto mbele ya darasa kwa kosa la hesabu, darasa likacheka, nami nikafurahi. Usiku ule nilikumbuka mto wetu. Nilikuwa nimepiga tena, kwa ustadi bora zaidi na kwa sababu ndogo zaidi. Kesho yake nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile, maana nilikuwa nimefundishwa kuwa mshale una alama.

Katika Kitui na Makueni tuna kazi moja ambayo huifikiri kila nilitazamapo jambo hili. Watu hujenga ukuta wa mawe na saruji kukingama mto wa msimu. Mvua ijapo, mto huja kwa nguvu, huleta mchanga, na mchanga hujaa nyuma ya ukuta. Maji hujificha ndani ya mchanga ule, mbali na jua, yakawafaa watu wakati wa kiangazi. Waashi wengine huuinua ukuta kidogo kidogo, msimu baada ya msimu, ili tope jepesi lipite juu na mchanga mzito ubaki. Mto usio na ukuta una nguvu pia, tena zaonekana sana: hung'oa miti na kubeba mbuzi. Lakini baada ya siku chache nguvu zile zimeishia Athi, na mama atafutaye maji hakuti kitu.

Ukuta wa namna hiyo ulijengwa miaka michache iliyopita katika mto wetu, si mbali na lile shimo la zamani. Tulifanya kwa mwethya, kijiji kizima, tukasimama kwa mstari na kupitisha mawe kutoka mkono hadi mkono. Mtu aliyesimama kushotoni kwangu alikuwa ni yule niliyemvunja jino. Kutwa nzima alinipa mawe nami niliyapokea. Hatukusema habari ya jino. Mara moja jiwe lilikuwa zito, akalishika kidogo zaidi mpaka alipoona nimelipata vizuri, ndipo akaliachia.

Basi, kijana msomaji, ukitaka kujifunza upinde, jifunze. Ukitaka kujifunza karate, jifunze. Na ukitaka kuunoa ulimi au kalamu yako, unoe. Mtu asiye na nguvu hatasaidia wengi. Lakini siku ile ile uanzayo kujifunza kupiga, anza kujifunza kusimamisha, wala usilifanye hili la pili kuwa somo la baadaye. Kabla hujainua mkono jiulize maswali mawili ambayo mimi niliulizwa nikiwa nimechelewa: nitatenda nini, na kwa sababu gani? Swali la pili likikosa jibu, urudishe mshale podoni.